Kutangulia Si Kufika



Wapendwa wasomaji wetu, juma lililopita wengi wenu mliulizia kwa nini nyumba ya mapadre ilikuwa kimya. Hatukuwapo. Tulikuwa Usambara pamoja na vijana wa parokia, katika kambi ya siku tatu, na siku ya pili tuliimaliza yote juu ya baiskeli, ndani ya msitu. Tulipoondoka tulikusudia kuwaletea tafakari juu ya uzuri wa uumbaji, na uzuri huo hatutaunyima haki yake. Lakini jioni ya siku ile lilitokea jambo ambalo halijatutoka moyoni, nasi tumeona si vema kulificha. Ipokeeni basi tafakari hii kama simulizi, na pia kama ungamo.

Tulikuwa watu 14: vijana 11, na sisi viongozi watatu, yaani paroko, katekista na mama mlezi wa vijana. Tuliondoka Tanga alfajiri, tukapita Segera na Korogwe mpaka Mombo. Hapo barabara huyaacha mashamba ya mkonge yaliyo tambarare, ikaanza kuuparamia mlima kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, kupitia Soni mpaka Lushoto. Mtu aliyesinzia Mombo kwa joto huamka Lushoto akitafuta sweta, maana mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni ni mwezi wa baridi huko. Vijana wetu waliozaliwa na kulelewa pwani walishuka garini wamejikunyata kama vifaranga walionyeshewa mvua. Tulipiga hema zetu karibu na msitu wa Magamba, tukawasha moto, tukasali rozari, tukalala mapema.

Asubuhi, baada ya Misa, tulizigawa baiskeli. Mama mlezi alibaki kambini kwa ajili ya jiko, hivyo waendeshaji tulikuwa 13. Baiskeli 12 tulikuwa tumezikodi: zile za milimani, zenye matairi mapana ya meno, gia nyingi, na springi za mbele za kupunguza mtikiso. Ya 13 ilikuja nasi kutoka Tanga, imefungwa juu ya gari. Ilikuwa baiskeli nzito ya kawaida, isiyo na gia, yenye breki za fito na keria kubwa ya nyuma. Mwenyewe ni baba mdogo wa kijana wetu mmoja, mdogo kuliko wote kundini, na siku nyingine hubeba tenga la samaki kutoka sokoni. Harufu ya samaki ilikuwa bado imeishika ile keria. Vijana walicheka. Sisi viongozi hatukucheka, lakini tulitabasamu, na tofauti kati ya mambo hayo mawili si kubwa kama tulivyodhani. Hatukumwuliza kijana kwa nini hakulipia baiskeli ya kukodi kama wenzake. Tungeuliza, tungejua.

Wengi hudhani kwamba mchezo huu wa kuendesha baiskeli milimani ulianza kwa vyombo vya gharama kubwa. Sivyo. Ulikua katika miaka ya 1970 huko Kalifornia, Marekani, kwa vijana waliookota baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, wakazitengeneza na kushuka nazo mteremko karibu na mlima Tamalpais. Breki zao zilikuwa za kukanyaga kinyume, na kwa ukali wa mteremko grisi iliyomo ndani ilikuwa ikiungua na kutoka moshi, ikabidi kila baada ya kushuka wafungue na kupaka grisi upya. Mashindano waliyoyaanzisha hapo mwaka 1976 yaliitwa Repack kwa sababu ya kazi hiyo ya kupaka upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki kule Atlanta. Kwa hiyo, wapendwa, kama kuna baiskeli iliyokuwa na haki ya kuwapo msituni siku ile, ni ile ya samaki.

Mwenyeji wetu, mzee mmoja aliyeukulia msitu huo, alitukusanya kabla ya kuondoka, akatupa mafundisho machache. Kwenye mteremko, rudisheni uzito nyuma ya kiti, viwiko vikunjwe, makanyagio yalingane. Msiishike breki ya mbele peke yake kwa ghafla, maana itawarusha kichwa chini. Mkikuta mzizi uliolowa, ukateni moja kwa moja, msiupitie kwa mshazari, kwa kuwa tairi litateleza. Tazameni mahali mnapotaka kwenda, wala msilikodolee macho jiwe mnaloliogopa, kwani jicho likitua juu ya jiwe usukani huufuata. Kisha akasema la mwisho: “Msitu huu una njia panda nyingi, na ukungu hushuka bila hodi. Kila njia panda tusimame tuhesabiane. Atakayepotea asihangaike huku na huko. Akae pale pale njiani, tutamfuata.”

Tuliafikiana kwamba mzee atatangulia, vijana watamfuata, na sisi wawili, paroko na katekista, tutakuwa nyuma kabisa. Tunaomba mliweke neno hilo akilini: nyuma kabisa.

Asubuhi yote tulilitimiza. Wapendwa, tungetamani kila mmoja wenu apite siku moja katika msitu ule. Milima ya Usambara ni sehemu ya mlolongo wa milima ya kale uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia kusini mwa Tanzania. Kwa kuwa misitu yake imedumu muda mrefu sana, na kila mlima umetengana na mwenzake kama kisiwa, mna miti, vyura na ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hata lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda katika vyungu na kuliweka madirishani, asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya, na Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara. Ni ua la kivulini, lipendalo mwamba wenye unyevu. Anayepita mbio halioni.

Tulipanda taratibu chini ya miti mirefu ambayo vilele vyake havikuonekana kwa ukungu. Magome yalikuwa yamevikwa majani laini ya kijani kama zulia. Vijito vilikatiza njia, na mzee akatueleza kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayonywesha kabichi, karoti na nyanya tunazozinunua sokoni kwetu. Hatukuwahi kufikiri kwamba kachumbari yetu ya Tanga huanzia chini ya miti hii. Katika kila njia panda tulisimama, tukahesabiana kwa sauti, moja mpaka 13, na kijana wa baiskeli ya samaki kila mara akawa wa mwisho kusema nambari yake, akihema, ameisukuma baiskeli kwa miguu pale ambapo wenzake walishusha gia na kupanda. Tulimngoja. Hakuna aliyelalamika.

Mchana tulikaa kando ya kijito, tukala mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi. Baada ya hapo njia ilianza kuteremka kuelekea kambini.

Hapa ndipo penye ungamo letu. Mteremko ni mtamu. Mtu aliyepanda kwa saa tatu, mapaja yakiwaka moto, akiachiwa ghafla njia laini yenye majani makavu, upepo usoni, husahau mambo mengi. Sisi tuliokuwa nyuma kabisa tulijikuta katikati, na muda si mrefu tukajikuta mbele, tukikimbizana na vijana, tukipiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Mzee alisimama kwenye njia panda ya kwanza; tukamwambia sote tupo, kwa maana tulisikia vicheko vingi nyuma yetu. Kwenye ya pili hatukumpa hata nafasi ya kuuliza. Tulihesabu kwa masikio, na masikio huwasikia wale tu wenye sauti.

Tulifika kambini saa kumi na moja jioni, tumejaa matope na furaha. Mama mlezi alikuwa amekwisha kupanga vikombe 15 vya chai ya tangawizi juu ya ubao: vya vijana 11, vya sisi viongozi watatu na cha mzee. Kila mtu akachukua chake. Tukanywa, tukasimuliana nani aliteleza wapi. Kisha tukamsikia mama akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mbona kikombe kimoja kimebaki?”

Vicheko vilikatika. Tulitazamana. Tukahesabu, safari hii kwa vidole, na kila mmoja alijua jibu kabla hatujalifikia.

Mzee hakutulaumu. Alichukua panga na tochi, akasema, “Twendeni, giza halingoji.” Tulimwachia mama vijana, tukafuatana naye sisi wawili kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba tochi iliangaza hatua chache tu. Tuliita jina la kijana, na msitu ukalimeza. Hatutaweza kuwaeleza yaliyopita mioyoni mwetu katika ule mwendo. Tulikuwa tumepokea watoto 11 mikononi mwa wazazi wao, tumewaombea safari njema, tumewaahidi mama zao kwamba tutawarudisha. Sala ilikuwa ngumu. Kila tulipotaka kusema “Bwana, mlinde,” neno lililotujia kwanza lilikuwa “Bwana, tumemwacha.”

Tulimkuta baada ya karibu saa nzima, kwenye ile njia panda ya kwanza ambayo hatukuhesabu. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, baiskeli imelazwa kando yake, cheni imekatika. Alikuwa amevunja tawi na kulilaza katikati ya njia ili atakayepita ajue kuna mtu. Wala hakuwa peke yake. Kando yake aliketi mama mmoja wa makamo, mzigo wake wa kuni kavu umetuliwa chini, amempa kijana nusu ya kanga yake ajifunike. Alikuwa akirudi nyumbani, akamkuta. Angeweza kuendelea na safari yake, maana kwake pia kulikuwa na watoto wanaongoja moto uwashwe. Alipotuona alisimama, akajitwika kuni zake, akasema, “Mmekuja, namshukuru Mungu. Mtoto wa mtu haachwi msituni.” Hakutuuliza sisi ni nani. Ilikuwa bahati yetu kwamba hakuuliza, kwa kuwa hatujui tungemjibu nini. Tulimshukuru, akaingia katika ukungu, na jina lake hatulijui hata sasa.

Tulimwuliza kijana kama aliogopa. Akasema, “Kidogo, Baba. Niliwaita cheni ilipokatika, lakini mlikuwa mnacheka. Basi nikakaa hapa hapa kama mzee alivyosema. Nilijua mtahesabu.”

Nilijua mtahesabu. Hatukuwa na la kusema. Hatukumwambia njiani kwamba aliyehesabu ni kikombe cha chai.

Tulirudi tukiisukuma baiskeli kwa zamu, na njiani kijana akawa na furaha kuliko sisi. Alitusimulia kwamba alipokuwa amekaa kimya, kundi la mbega lilikuja juu yake mitini, na mmoja alikuwa amembeba mtoto mweupe kabisa, mweupe kama pamba. Mzee alithibitisha kwamba mbega huzaliwa weupe hivyo, na weusi huja baadaye. Sisi tuliopita mbio njia ile ile hatukuona hata mkia. Kambini alikuta kikombe chake kimefunikwa kwa sahani kando ya makaa, akakinywa chote.

Asubuhi yake, kabla ya Misa ya kufunga kambi, tulisimama mbele ya vijana wote tukamwomba radhi. Tulimweleza ukweli juu ya hesabu. Aliinamisha kichwa kwa muda, kisha akasema, “Lakini mlikuja.” Ndivyo watoto wanavyotusamehe, wapendwa, hata kabla hatujastahili.

Tangu siku ile tumekuwa tukiirudia habari moja katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, ambayo mahubiri yetu huipita haraka. Esau amemlaki ndugu yake Yakobo akiwa na watu 400, wamepatana baada ya miaka mingi, na kwa moyo mwema Esau anataka waongozane. Yakobo anakataa kwa adabu. Anasema watoto wake ni wachanga, na mifugo yake inanyonyesha. Ikiharakishwa siku moja tu, itakufa. Anamwomba ndugu yake atangulie, naye atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto. Yakobo yule aliyekuwa hodari wa kuwahi, aliyezaliwa ameshika kisigino cha mwenzake ili asipitwe, hapo amekuwa mtu mzima. Amejifunza kwamba mwendo wa safari huwekwa na aliye dhaifu kuliko wote, wala si na aliye hodari.

Hayati Papa Fransisko aliligusa jambo hilo katika wosia wake Evangelii Gaudium wa mwaka 2013. Aliandika kwamba askofu mara nyingine hutangulia mbele ya watu wake, mara nyingine hukaa katikati yao, na mara nyingine hulazimika kutembea nyuma yao, kwa ajili ya wale waliobaki nyuma. Maneno hayo tulikuwa tukiyafahamu, hata tumewahi kuyahubiri. Ilitupasa kukimbia na baiskeli mteremkoni ili tujue ni rahisi jinsi gani kuliacha lile la tatu, tena katika saa ya furaha. Njia ilipokuwa ngumu tulihesabiana vizuri. Tulimpoteza mwenzetu pale mambo yalipotuendea vema.

Na hapa tunawageukia ninyi, na kujigeukia sisi wenyewe. Parokia yetu iko mteremkoni sasa, tunamshukuru Mungu. Kanisa limepauliwa, kwaya zimeongezeka, harambee zinafanikiwa, na Dominika viti havitoshi. Tunasikia vicheko vingi nyuma yetu, nasi tunadhani sote tupo. Lakini tunahesabu kwa masikio. Yuko mjane aliyekuwa akikaa benchi la tatu upande wa Bikira Maria. Ni nani anayekumbuka tangu lini hayupo? Wako vijana waliopokea kipaimara nasi tukapiga nao picha, wasiojulikana wako wapi leo. Yuko mzee mgonjwa ambaye Komunyo hailetwi kwake kwa sababu hakuna aliyetuambia. Yuko baba aliyeacha kuja kwa kuwa hana cha kutoa katika mchango, kama kijana wetu asivyokuwa na ada ya baiskeli, nasi hatukumwuliza kwa nini. Pengine nao wamekaa kwenye njia panda, wanajisemea kwamba wenzao watahesabu.

Maaskofu wa Afrika ya Mashariki katika umoja wao wa AMECEA, katika miaka ya 1970, na hasa katika mkutano wao wa mwaka 1976, walisisitiza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Tuziangalie kwa macho hayo: jumuiya ni ndogo kiasi kwamba vikombe vyake huhesabika. Parokia nzima haiwezi kujua nani amekosekana. Familia chache zinazokutana nyumbani kwa mwenzao zinaweza. Jumuiya ambayo mkutano wake ni sala, tangazo la mchango na kuagana, bila mtu kuuliza “Fulani yuko wapi?”, imepita njia panda bila kusimama.

Wahenga wetu walisema kutangulia si kufika. Tulikuwa tukilitumia neno hilo kuwafariji waliochelewa. Siku ile msituni tulilisikia likitukemea sisi tuliowahi. Tulikuwa tumetangulia kambini, tumevua viatu, tumekunywa chai, na kumbe hatukuwa tumefika, maana kundi hufika pale wa mwisho wake anapofika.

Tunawaomba jambo moja juma hili. Katika mkutano wenu wa jumuiya, kabla ya sala ya kufunga, tajeni jina moja la asiyekuwapo kwa muda mrefu, kisha watu wawili waende kwake. Wasiende kumkaripia wala kumdai. Waende kama yule mama wa kuni: watue mizigo yao, wakae naye kidogo. Nasi wachungaji wenu tumejiwekea ahadi kwamba safari nyingine yoyote, ya baiskeli au ya imani, mtatukuta tulikoagana tuwe tangu mwanzo: nyuma kabisa.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.